Keki ya Karoti na Maboga katika Nchi ya Juu

Somo la mwezi huu ni la jikoni, lakini mabwana nao wasilipite, maana linahusu karoti na maboga yanayooza shambani, na tena fedha za mayai, unga na sukari zinazopotea kila mara keki inapodidimia katikati.

Mkulima wa Uasin Gishu ajua jinsi mambo yanavyokuwa. Maboga yaliyopandwa katikati ya mahindi hukomaa kwa wakati mmoja. Karoti zako zikiwa tayari, za jirani nazo zi tayari, na mnunuzi katika soko la Eldoret hutaja bei aipendayo. Zile zilizopasuka, au zenye miguu miwili, hazitazami hata kidogo. Basi hizo ndizo za kuokea keki. Karoti iliyopinda ina utamu ule ule wa karoti iliyonyooka.

Huenda mtu akauliza, mboga na keki wapi na wapi? Lakini chapati za malenge tumekwisha kuzizoea. Watu wa pwani hupika maboga kwa tui la nazi na sukari, na ndugu zetu wenye asili ya Kihindi hupika halua ya karoti kwa maziwa na samli. Mwaka 1747 mtaalamu mmoja wa Berlin, Andreas Marggraf, alionyesha kwamba sukari iliyomo katika mzizi wa jamii ya bitiruti ni sukari ile ile ya muwa, na hata leo sukari nyingi ya Ulaya hutokana na mzizi huo. Waingereza nao waligawiwa sukari kwa kipimo tangu mwaka 1940 hadi 1953, na Wizara yao ya Chakula ikawahimiza kina mama watumie karoti katika keki na pudini. Kwa hiyo si jambo geni.

Sasa tutazame kwa nini keki za kwetu huharibika. Mji wa Eldoret upo karibu mita 2,100 juu ya bahari, yaani futi 7,000 hivi. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, lakini hapa kwetu huchemka kwa digrii 93 hivi, na ndiyo sababu maharagwe yetu hukaa motoni muda mrefu. Keki nayo huonja taabu hiyo hiyo kwa njia mbili. Kwanza, hewa inayotolewa na beking pauda hupanuka upesi mno. Keki huinuka kwa haraka kabla unga haujashika, kisha huanguka. Pili, maji huruka upesi, na keki huwa kavu hata ikakwama kooni. Vitabu vingi vya mapishi, na maelezo yaliyochapwa katika pakiti, hufuata vipimo vya nchi za chini. Mama akifuata vipimo hivyo barabara, keki ikaanguka, hulaumiwa yeye bure.

Hapo ndipo mboga inapotusaidia. Karoti ni maji karibu sehemu tisa katika kumi, na boga ni zaidi kidogo. Lakini maji hayo yamefungwa ndani ya mboga, hayatoki yote kwa mara moja kama maziwa yaliyomiminwa. Hutoka polepole keki ikiwa motoni, na mengine hubaki ndani hata kesho yake. Pia utamu wake hukuruhusu kupunguza sukari, na katika nchi ya juu sukari nyingi hulegeza keki. Kwa hiyo keki ya mboga yatufaa sisi wa juu kuliko hata wale wa chini.

Haya ndiyo mahitaji ya keki moja. Tumia kikombe kimoja kwa vipimo vyote, kinachoingia robo lita.

Twaa vikombe 2 vya unga wa ngano wa kawaida. Changanya na beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu (vitabu vitakuambia 2 au zaidi, usisikie), mdalasini kijiko kimoja cha chai, na chumvi kidogo. Usitumie ule unga uliokwisha kutiwa beking pauda kiwandani, maana huwezi kuipunguza. Katika bakuli nyingine piga mayai 3 pamoja na sukari robo tatu ya kikombe na mafuta ya kupikia nusu kikombe, mpaka yawe mazito na meupe kidogo. Kuna karoti kwa kile kibati chenye matundu, zijae vikombe 2 bila kuzishindilia. Zikiwa zimeng'olewa asubuhi ile na zinachuruzika maji, zikamue kidogo kwa mkono, lakini usizikaushe. Tia karoti katika mayai, halafu unga, ukoroge mpaka usione unga mkavu, kisha acha. Mwenye kukoroga sana hupata keki ngumu kama ugali wa jana. Ikiwa rojo ni nzito mno hata haishuki kijikoni, ongeza vijiko viwili vya maziwa.

Wenzetu wa Turbo na Lugari, walio chini kidogo, waweza kuongeza beking pauda chembe. Wa Burnt Forest na Timboroa wapunguze tena, wasizidishe kijiko kimoja.

Boga lina desturi nyingine. Usilichemshe ndani ya maji! Wengi huharibikiwa hapo. Lipike kwa mvuke au lichome, liponde, kisha liweke katika kitambaa safi lichuruzike mpaka likae juu ya kijiko bila kumwagika. Tia kikombe kimoja mahali pa vikombe 2 vya karoti, na maziwa usitie kabisa. Kiazi kitamu ni kikavu zaidi; chemsha na maganda yake, menya, ponde kingali moto, nacho kipimo chake ni kikombe kimoja. Kile chenye nyama ya rangi ya machungwa ndicho bora, kwa kuwa kina asili ya vitamini A inayolinda macho na mwili wa mtoto, nayo hupokelewa vizuri mwilini ikiliwa pamoja na mafuta. Mwaka 2016 wataalamu watatu walioshughulikia viazi hivyo, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Lakini keki ni keki. Mtoto apewe kipande, na sukuma wiki yake aile vile vile.

Bitiruti hutia keki rangi nzuri ikiwa bado mbichi, kisha motoni rangi hufifia kuwa ya kahawia. Ukitia kijiko cha maji ya limau, au maziwa lala kidogo, rangi hudumu zaidi. Kabichi iache katika sufuria ya mboga.

Asiye na oveni asikate tamaa. Twaa sufuria kubwa, tia mchanga mkavu uliochungwa kina cha vidole vitatu, ufunike, uweke juu ya jiko la makaa kwa dakika 15 ipate moto. Weka rojo katika bati iliyopakwa mafuta na kunyunyizwa unga, isijae kupita nusu, kisha iweke juu ya mchanga. Funika kwa kifuniko bapa, na juu yake panga makaa ya moto. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana chini ndiko huungua kwanza. Usifunue kabla ya nusu saa. Baada ya dakika 50 hivi choma katikati kwa kijiti kikavu; kikitoka safi, keki imeiva.

Mwezi wa Julai, baridi inapokaza, watu hupenda kufunga mlango na madirisha jiko likiwa ndani. Msifanye hivyo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, nayo imeua watu waliolala. Okeni nje chini ya paa, au mlango uwe wazi.

Atakaye kuuza vipande sokoni au shuleni na aulize kwanza ofisi ya afya ya kaunti, kwa sababu mpishi wa chakula cha kuuza hutakiwa kupimwa afya. Tena aandike katika daftari bei ya kila kitu, hata makaa na karoti zake mwenyewe, kabla ya kukata bei ya kipande.

Keki ikitoka motoni iache ipoe kabisa kabla ya kuifunika, la sivyo mvuke hurudi juu yake na kuilowesha. Kwa kuwa ina maji mengi, huota ukungu mapema kuliko keki kavu. Iuzeni au iliwe katika siku tatu.