SOMO: TUFUTE BOMBA KABLA YA KULIRUDISHA KISIMANI

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepangwa kupita pia wilayani Chato. Kwenye visima vya mafuta, mafundi wanapochomoa mabomba huweka mdomoni mwa kisima raba nene ya duara yenye tundu dogo kuliko bomba. Bomba likipanda, raba hulikwangua mafuta na tope, navyo hurudi kisimani badala ya kumwagika. Tena huzuia nati au spana isidumbukie.

Sisi wa visima vya pampu ya mkono tunajifunza nini? Kwetu hatari kubwa iko wakati wa kurudisha bomba. Bomba lililolazwa chini huokota udongo na kinyesi cha mifugo, kisha kijiji kizima hunywa.

Kamati ya maji izingatie haya:

1. Mdomo wa kisima ufunikwe kuzunguka bomba kazi inapoendelea.
2. Mabomba yalazwe juu ya turubai safi, kamwe si ardhini.
3. Kila bomba lifutwe kwa kitambaa safi chenye maji ya klorini. Tambara la grisi lisitumike.
4. Mwisho, klorini itiwe kisimani na kuachwa usiku kucha, kisha maji yapampwe na kumwagwa mpaka harufu iishe.

Swali la kujadili: Je, turubai na klorini vipo tayari kabla fundi hajaitwa?