Sinema ya Mkasi na Karatasi

Ipo sinema ambayo ndani yake tembo anatembea, lakini hakuna tembo aliyepigwa picha. Si yule wa kuharibu mashamba, huyo tunamjua. Huyu ni wa karatasi. Leo tuone anavyotembezwa.

Chukua karatasi ngumu na mkasi. Kata kiwiliwili, kichwa, mkonga na kila mguu mbalimbali. Viunge kwa uzi ili viungo vicheze. Mlaze tembo mezani, kamera iwe juu inamtazama. Piga picha moja. Sogeza mguu kidogo tu, kama upana wa punje ya mtama. Piga nyingine. Sogeza tena. Picha hizo zikipitishwa upesi, 24 kwa sekunde moja, jicho haliwahi kuzitenga. Unaona tembo anatembea. Lakini mtu akipita akapiga chafya, kazi imeharibika!

Huko Japani kazi hii ilifanywa sana miaka ya 1920. Plastiki angavu ya kuchorea ilikuwa ghali, karatasi ilikuwa rahisi. Noburo Ofuji wa Tokyo alitumia karatasi za mapambo, akakata watu wake humo. Mwaka 1926 alitoa sinema ya mwizi wa ngome ya Baguda. Uhaba ule ndio uliompa urembo wake, maana nakshi za karatasi zikawa nguo za watu.

Na kwetu je? Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, huku huku kusini. Karibu mwaka 1968, akiwa Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini wenzake wakaendeleza mtindo wake. Mwaka 2010 wanyama wa mtindo huo wakatembea kwenye televisheni, katika kipindi cha Tinga Tinga Tales, kilichotengenezwa Nairobi kwa kushirikiana na Waingereza. Badala ya mkasi ilikuwa kompyuta, ila njia ni ile ile: kichwa mbali, mguu mbali, kisha kusogeza kidogo kidogo. Hadithi zake ni kama za bibi zetu: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini gamba la kobe limepasuka. Za namna hiyo Matambarale zipo, ila wazee wanaondoka nazo.

Zoezi
1. Sekunde moja ni picha 24. Dakika moja ni picha ngapi?
2. Mwombe mzee mmoja hadithi ya mnyama. Iandike kwa mistari kumi. Mnyama huyo utamkata vipande vingapi?