Mume Kufunga Uzazi: Hukumu Yake na Adabu Yake

 

Usiku mmoja, baada ya darasa ya Isha, mwenzetu mmoja alibaki nyuma hata watu wote wakatoka. Ni mtu mwenye haya, na neno alilokuwa nalo lilimtoka kwa shida. Ana watoto 4. Mkewe amejifungua mara 3 za mwisho kwa kupasuliwa, na mara ya mwisho kondo lilikuwa limeshikamana na kovu la zamani, damu ikamtoka hata watu wakamkatia tamaa. Tabibu amewaambia kwamba mimba nyingine ni khatari kwa uhai wake. Vidonge vilimpandisha damu. Koili alitiwa, ikatoka yenyewe. Sasa ameshauriwa apasuliwe tena ili afungwe uzazi. Mume akasema: “Maalim, mwenzangu amekatwa mara 3 kwa ajili ya watoto wangu. Je, safari hii haiwezi kuwa zamu yangu mimi?”

Hatukumjibu usiku ule. Tulilikalia jambo lake vikao 3, tukazungumza na matabibu, tukafungua vitabu. Kwa kuwa twajua nyumba nyingi zina shida kama yake, nazo zanyamaza kwa haya, tumeona si haki somo hili libaki msikitini kwa watu wachache. Kuuliza si ujinga, na katika dini yetu hapana haya katika kutafuta ilimu.

Kazi yenyewe ni nini

Mtu hawezi kulihukumu asilolijua. Mbegu za mwanamume hufanyika katika mapumbu, na kutoka hapo hupanda kwa mirija miwili myembamba, mmoja kila upande, hata zikachanganyika na maji ya tezi za ndani. Mchanganyiko huo ndio manii. Anayefunga uzazi hutiwa ganzi pahala hapo. Tabibu hufungua tundu dogo katika ngozi, huukata kila mrija na kuziba ncha zake. Kazi yote huchukua kadiri ya nusu saa au chini yake, na mtu hurejea kwake siku ile ile. Mwaka 1974 tabibu wa Kichina, Li Shunqiang, alibuni njia ya kuitoboa ngozi badala ya kuipasua kwa kisu, na kwa njia hiyo kidonda huwa kidogo, na mara nyingi hakihitaji kushonwa.

Watu wa mabarazani husema: “Fulani amehasiwa.” Neno hilo si kweli, na ni dhuluma kulisema. Kuhasi ni kuondoa au kuharibu mapumbu, na aliyehasiwa hupungukiwa na uanaume wake. Aliyefungwa mirija, mapumbu yake yapo na yafanya kazi. Kile kinachompa mwanamume ndevu, sauti na hamu huingia katika damu, wala hakipiti katika mirija hiyo. Manii humtoka kama kawaida, kwani mbegu ni sehemu ndogo sana ya maji hayo. Na josho la janaba lamlazimu kama lilivyokuwa likimlazimu kwanza.

Lakini tusikimbie kosa moja tukaangukia jingine. Mambo haya mawili yametofautiana katika mwili, ila yana jambo moja la kufanana, nalo ni kukata kizazi. Na hapo ndipo sharia inapoingia.

Sharia yasemaje

Jambo hili lina daraja mbili, na wengi huzichanganya.

Daraja ya kwanza ni kuzuia mimba kwa muda. Jabir bin Abdillah (r.a.) amepokea kwamba masahaba walikuwa wakimwaga nje zama za kuteremka Qurani, wala hawakukatazwa. Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihya, amezitaja nia za mtu afanyaye hivyo, na miongoni mwa nia asizozilaumu ni kuuhifadhi uhai wa mke kwa kuogopea khatari ya uzazi. Basi yule asemaye kwamba kila kuzuia mimba ni desturi ya Wazungu, na aisome Ihya. Katika zama zilizo karibu nasi, Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar tangu mwaka 1958 hadi 1963, alipambanua baina ya kupanga uzazi kwa mtu mwenye haja yake, ambako alikuruhusu, na kuutilia mpaka uzazi wa umma mzima kwa amri, ambako alikukataa.

Daraja ya pili ni kukata uzazi moja kwa moja. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani yetu, wamekitenga kinachochelewesha mimba na kinachoikata kabisa, nao wakakiharamisha hiki cha pili. Nayo yawafikiana na yale tuliyopokea, kwamba Mtume (s.a.w.) alimkatalia Uthman bin Madh'un alipotaka kujitenga na wanawake ili ashughulike na ibada, na kwamba masahaba waliokuwa vitani mbali na wake zao walipouliza juu ya kujihasi, aliwakataza.

Majmaa ya Fiqhi ya nchi za Kiislamu ilikutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, ikapitisha kwamba ni haramu kuondoa uwezo wa kuzaa wa mwanamume au wa mwanamke, isipokuwa pakiwa na dharura kwa vipimo vya sharia. Na kwamba yajuzu kuzuia mimba kwa muda kwa haja inayokubalika, kwa kushauriana na kuridhiana mume na mke, bila ya madhara.

Wengine husema: “Siku hizi mrija waweza kuungwa tena, basi si kukata.” Ni kweli kwamba matabibu huiunga. Baraza la Ulamaa la Indonesia, lililoharamisha kazi hii mwaka 1979, liliitazama upya mwaka 2012. Likaushikilia uharamu wake, likavua hali zenye masharti mazito, na miongoni mwayo ni kwamba isimfanye mtu tasa daima. Lakini kuunga ni kazi ngumu kuliko kukata, ina gharama kubwa, na kila miaka ikipita matumaini hupungua. Mrija waweza kuungika na mtoto asipatikane. Anayekwenda kufunga na aende akijua kwamba anafunga daima. Majuto ni mjukuu.

Fundo la suala la mwenzetu

Dharura huhalalisha kilichokatazwa, na dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kanuni hizi mbili kila mwanafunzi azijua. Uhai wa mke ukiwa khatarini, hapana shaka kwamba hiyo ni dharura. Lakini dharura ya mke yamhalalishia mume kukata uzazi wake yeye? Hapa hata sisi wenyewe tulikhitilafiana, na hatuoni aibu kulisema.

Baadhi yetu walisema: Khatari i katika mwili wa mke, wala si katika mwili wa mume. Mume akifunga, mke amehifadhika maadamu yu katika ndoa ile. Akifiwa au akiachwa, kisha akaolewa na mwingine, khatari yamrudia ile ile. Na mume, akifiwa na mke au akaoa wa pili, hana tena mbegu, ilhali mwili wake haukuwa na ugonjwa wowote. Basi dawa imetiwa pasipo na maradhi.

Wengine walisema: Ndoa ni nyumba moja, na madhara yakiwa mawili huchaguliwa lililo jepesi. Tumbo lililokwisha kupasuliwa mara 3, kulifungua tena ni jambo zito. Kazi ya mume ni ya nusu saa, kwa ganzi ya pahala padogo. Mwenye kuweza kubeba jepesi, kwa nini amtwishe mwenziwe zito?

Hoja zote mbili zina nguvu. Lakini tuliafikiana juu ya jambo moja: hakuna njia ya kufikia suala hili kabla ya kumaliza njia za muda. Koili ya shaba hukaa miaka 10 na zaidi, na iliyotoka mara moja yaweza kutiwa tena. Vijiti vya mkononi huzuia mimba kwa miaka 3 hadi 5, na baadhi ya wanawake waliokatazwa vidonge kwa ajili ya damu kupanda huruhusiwa vijiti. Maadamu mlango wa muda u wazi, mlango wa daima hauna dharura.

Shauri na khiari

Tulimuuliza mwenzetu: “Na mkeo, amesemaje?” Akainama, asijibu. Alikuwa amefikiri peke yake miezi mizima, kwa mapenzi ya kweli, asimwambie mwenyewe mwenye kuumia. Sura ya Al-Baqara, katika aya ya 233, imetaja kuridhiana na kushauriana kwa wazazi katika kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kwataka shauri, sembuse kuufunga mlango wa watoto wote watakaokuja?

Na kama vile mume hawezi kukata shauri peke yake, hapana mwingine awezaye kumkatia. India, katika miaka ya 1975 hadi 1977, serikali iliwasukuma watu kufunga uzazi kwa vitisho na kwa kunyimwa haki zao; zaidi ya watu milioni 8 walifungwa katika mwaka mmoja, wengi wao wanaume, na Novemba 1976 askari walikizingira kijiji cha Waislamu cha Uttawar wakawachukua wanaume. Tumelitaja ili ijulikane kwamba khofu ya watu wetu katika jambo hili haikuzuka bure. Lakini dhuluma iliyotendwa huko haimzuii mtu mwenye dharura hapa kutafuta matibabu kwa khiari yake. Wala khofu ya riziki peke yake si dharura, kwani Mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu.

Adabu ya mwenye kufanya

Mwenye kufikia hapo kwa dharura iliyothibiti na kwa rukhusa ya mwanachuoni, na ayajue haya. Kwanza, aende kwa tabibu mwenye ilimu na uaminifu, na aulize kila kitu kabla ya kutia sahihi. Pili, apumzike siku chache, wala asibebe mizigo mizito kwa kadiri ya wiki moja. Uvimbe mdogo na maumivu ni kawaida, lakini homa, usaha au uvimbe unaozidi ni sababu ya kurudi kwa tabibu bila kuchelewa. Watu wachache hubaki na maumivu ya muda mrefu, na ni haki yao kuambiwa mapema.

Tatu, nalo ndilo linaloangamiza nyumba: kazi hii haizuii mimba siku ile. Mbegu zilizokwisha kupita hubaki njiani kwa miezi kadhaa. Yalazimu kuendelea na kinga nyingine kadiri ya miezi 3, kisha manii yapimwe hata ithibitike kwamba hayana mbegu. Asiyengoja kipimo, kisha mkewe akashika mimba, asije akamtuhumu mwanamke mwema kwa jambo ambalo kosa lake ni haraka yake yeye. Na hata baada ya kipimo, mara chache sana mrija hujiunga wenyewe. Kumsingizia mke zinaa ni dhambi kubwa kuliko tunavyodhani.

Nne, kazi hii haikingi maradhi ya zinaa. Tano, siri ya nyumba na ibaki nyumbani. Kwa mwenye baraza amchekaye mwenziwe, twasema: Mwogope Mungu, hujui kilichomfikisha hapo.

Jawabu letu

Tulimwambia mwenzetu: Nenda kazungumze na mkeo. Kisha nendeni pamoja kwa tabibu wa pili, muulize njia za muda zilizobaki. Zikiwa zimefungwa zote, na matabibu wawili waaminifu wakathibitisha khatari, lipelekeni suala kwa mwanachuoni mkubwa, nanyi mtendee mtakaloambiwa, moyo umetulia. Sisi ni wanafunzi. Twasomesha, hatutoi fatwa.

Baada ya majuma machache alirudi darasani, akaketi pahala pake pa siku zote. Hatukumuuliza walilochagua, wala hatuliandiki. Alisema neno moja tu: kwamba usiku ule alipomweleza mkewe, mke alilia, si kwa huzuni, bali kwa kujua kwamba mzigo ule haubebi peke yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.