Saa kumi simu inalia: "Mama, leo tupike nini?"

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto watatu, mume na dada wa kazi. Kila siku saa kumi jioni, nikiwa bado ofisini, dada ananipigia kuuliza apike nini, na mimi nakuwa sina jibu. Baba watoto nikimuuliza anasema "chochote tu", chakula kikifika mezani anauliza kwani hakukuwa na kitu kingine. Niliandika ratiba nikaibandika kwenye friji (nimekuambatanishia), haikumaliza wiki. Juzi dada alinunua bamia bila kuniuliza, nikamfokea maana watoto hawali bamia. Mama mkwe anasema wao walilea watoto wanane na hawakuwahi kulalamikia mboga. Siku nyingine napitia chipsi mayai njiani na roho inaniuma. Nifanyeje? Halafu, wali uliolala naweza kuwafungia watoto wa shule? – Mama Watatu, Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Chipsi mayai haijaua mtu. Mara moja kwa wiki kuleni bila roho kukuuma, mradi kachumbari iwe nyingi. Mimi nimekwama kwenye bamia.

Umeitaja kwa kupita tu, lakini siku ile binti wa watu aliamua mwenyewe. Alikwenda gengeni, akaangalia kilichopo, akapiga hesabu ya hela aliyoachiwa, akachukua bamia. Ukamfokea. Sasa unashangaa kwamba anapiga simu? Ataendelea kupiga, kwa sababu anayeuliza hafokewi. Nyumba yako ina watu wazima watatu, na maamuzi yote ya sufuria yako kichwani kwako peke yako. Moto wenyewe huuwashi wewe siku za kazi; kinachokumaliza ni kuamua.

Ratiba yako nimeiona. Jumatatu samaki wa nazi, Jumanne pilau, Jumatano ndizi nyama. Hiyo ni menyu ya hoteli, na isingeweza kufika Ijumaa. Samaki akipanda bei asubuhi moja tu, wiki nzima imevurugika. Tena umeandika vitu ambavyo havina shida: ugali na wali vipo siku zote, mboga ndiyo inayopigiwa simu. Basi panga mboga, na uipange kwa jamii yake tu. Siku tatu maharage, siku mbili dagaa au samaki, siku moja nyama, siku moja mayai au hiyo chipsi yako. Majani mwachie dada achague gengeni kila siku: mchicha, matembele, chainizi, chochote kilichoamka kibichi na bei yake nzuri. Mwambie mbele ya familia kwamba uchaguzi huo ni wake. Na akileta bamia, mkono wako uwe mdomoni. Mtoto asiyetaka bamia atakula ugali na maharage, hatalala njaa.

Maharage ndiyo yatakayokuokoa, kwa hiyo nisikilize vizuri. Ijumaa usiku loweka kilo moja na nusu. Asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, injika kwenye mkaa kama unao, kwa sababu maharage hula gesi hadi huruma. Yachemke kwelikweli, yasiwe ya kutokota kivivu tangu mwanzo. Mekundu hasa yana sumu yake ya asili inayotaka mchemko mkali kuondoka. Nyanya na ndimu zisiguse sufuria mpaka yaive, la sivyo yatakaa magumu mpaka adhuhuri. Yakilainika, yagawe mafungu matatu pamoja na supu yake kidogo. Moja mnakula wikiendi hiyo na tui la nazi. Mawili yaache yapoe, yatie kwenye makopo, weka friza. Jioni ya katikati ya wiki dada anakaanga kitunguu na nyanya, anamimina, na muda wa kusonga ugali unatosha. Kopo la mwisho linakwenda kwenye makande. Umeme ukikatika siku nzima na yakayeyuka, yapikwe siku hiyohiyo. Kwa siku za namna hiyo weka dagaa wakavu kabatini, wao hawana habari na LUKU.

Sasa hela. Hukusema, lakini nikiulizwa nitakisia kwamba baba watoto anaacha hela ya mboga asubuhi, mezani, akitoka. Nyumba nyingi za mjini zinaenda hivyo. Hela inayokuja kwa siku inanunua kwa siku: mafuta ya kupimiwa, vitunguu vya fungu, unga wa nusu kilo, na kila kimoja ukikipigia hesabu kimezidi bei ya jumla. Mwombe akupe ya wiki nzima Jumamosi. Chukua unga, mchele, mafuta, maharage, na nyanya za sado mkigawana na jirani. Ya kila siku ibaki ya majani na samaki, nayo akabidhiwe dada. Kama kipato chake kinakuja kwa siku, basi mkubaliane angalau unga na mafuta vinunuliwe kwa mkupuo.

Na huyo bwana wa "chochote" usimuulize tena anataka nini. Muulize "dagaa au maharage?" Akisema chochote, amepoteza haki ya kukunja uso. Siku ya nyama mpe yeye: anapita buchani akirudi, achague mwenyewe, alete. Utashangaa atakavyoanza kuulizia bei ya nyama.

Mama mkwe ana haki yake. Lakini walio wengi wa rika lake walikuwa na mchicha nyuma ya nyumba na hawakupanda daladala mbili kurudi nyumbani. Akija, usibishane naye. Mpe kisamvu atwange, na dada akae pembeni aone.

Wali uliolala: kama umelala kwenye sufuria jikoni, kwa joto hili la Dar, usimfungie mtoto. Kuna vijidudu kwenye mchele vinavyostahimili kupikwa, vikizaliana usiku vinaacha sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Ukitaka ufae kesho yake, ukishaiva tu uutandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie friji ndani ya saa moja au mbili, asubuhi upashwe mpaka utoe mvuke, na mtoto aule nyumbani kabla hajatoka. Kwenye kontena la shule mfungie viazi vitamu au yai la kuchemsha.