Upepo wa Baharini Unapopita Bila Kuacha Mvua

Tuko kwenye ikweta na upepo unatoka baharini. Mbona Afrika Mashariki ni kavu kuliko Kongo?

Unyevu peke yake haunyeshi. Lazima hewa ipande, ipoe, mvuke ugeuke matone. Joto linalotoka hapo huisukuma hewa juu zaidi, hata wingu la radi likafika kilomita 15. Sasa pepo za kaskazi na kusi huvuma zaidi sambamba na pwani, na mara nyingi hutawanyika. Zikitawanyika, hewa ya juu hushuka kujaza nafasi, na hewa inayoshuka huyamaliza mawingu. Pepo zikikutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Makutano hayo, yaani ukanda mvua, hulifuata jua na kutupitia mara mbili kwa mwaka: ndiyo masika na vuli.

Vuli ya 2019, mvua zilipozidi, ilikuwaje?

Hapo ndipo nguvu ya upepo ilipoonekana wazi. Miezi ya vuli, kwa kawaida hewa hupanda karibu na Indonesia, husafiri angani kuja magharibi, kisha hushuka upande wetu. Chini, upepo wa magharibi huyasukuma maji yenye joto kuelekea Sumatra, huko huko Indonesia. Mwaka ule mambo yaligeuka: bahari ya Sumatra ikapoa, ya kwetu ikapata joto, upepo juu ya ikweta ukavuma kutoka mashariki, na hewa ikapandia huku. Ndivyo ilivyokuwa 1961 na 1997. Mvua ziliendelea hadi mwaka mpya, na Mei 2020 Ziwa Victoria likavuka rekodi ya kiwango cha juu iliyodumu tangu 1964.

Na upepo wa kutoka Kongo?

Huo usiudharau. Siku unapovuma, kanda ya maziwa na nyanda za juu hupata mvua nyingi kuliko kawaida. Mara nyingi huvutwa na kundi kubwa la mawingu linalosafiri kuelekea mashariki kwa siku 30 hadi 60, ambalo Roland Madden na Paul Julian walilieleza mwaka 1971. Likifika Bahari ya Hindi, upepo huo wa kutoka Kongo hupata nguvu.

Mkulima afanyeje?

Utabiri wa vuli huaminika zaidi, kwa kuwa vuli imefungamana na bahari. Masika ni magumu kutabiri miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo, ndugu mkulima, wakati wa masika usipande kwa kutegemea utabiri wa msimu peke yake. Sikiliza na ule wa siku 10.