Usimtambue Mnyama wa Bahari kwa Rangi Yake

Ukipiga mbizi Mnemba, Mafia au Kisite, mapema au baadaye utakutana na mnyama laini asiye na gamba, magamba wala mapezi, amevaa rangi kali kuliko kanga mpya. Wengi hupanda chomboni wakisema, "Nimeona kitu cheusi chenye vinundu vya njano." Maelezo hayo hayatoshi. Baharini rangi huigwa. Phyllidia varicosa, konokono asiye na gamba mwenye vinundu vya njano, ana sumu inayowafukuza samaki. Jongoo bahari mchanga wa aina ya Pearsonothuria graeffei hufanana naye sana, na wapo minyoo bapa wanaoiga jamaa zake. Makundi matatu yasiyo na undugu wa karibu, vazi moja.

Anza na kichwa. Konokono wengi wasio na gamba wana vipapasio viwili vinavyochomoza juu ya kichwa, mara nyingi vyenye mikunjo midogo midogo, na huweza kuvirudisha ndani wakiguswa na wimbi. Kisha tazama mgongo: una shada la matamvua upande wa nyuma, au safu za vidole laini? Mnyoo bapa hana matamvua kabisa. Ni mwembamba kama karatasi, na hizo unazodhani ni pembe huwa ni ukingo wa mbele wa mwili uliokunjwa. Jamaa wa Phyllidia ndio wenye kutatiza, maana matamvua yao yamejificha chini ya ukingo wa mwili. Hapo amua kwa vipapasio na unene. Jongoo bahari hana vipapasio vya namna hiyo. Tafuta minyiri iliyozunguka mdomo.

Minyiri hiyo ndiyo itakayokutoa hofu ukimkuta Synapta maculata kwenye majani ya bahari. Ni mrefu, huweza kupita mita 2, na watu humkimbia wakidhani ni nyoka. Ni jongoo bahari, anakusanya chakula chake taratibu kwa minyiri iliyo kama manyoya.

Usiku mulika utepe mwekundu uliojiviringa kama ua la waridi. Huenda huo si mnyama bali ni mayai ya Hexabranchus sanguineus, konokono mkubwa anayeweza kufikia sentimita 40 na kuogelea kwa kukunjua kingo za mwili wake. Tochi ni ya lazima hata mchana, kwani maji hufyonza wekundu kwanza, na mnyama mwekundu akiwa mita 15 chini huonekana wa kahawia au mweusi.

Unapongoja kwenye mita 5 kabla ya kupanda juu, usikae bure. Kiumbe kiangavu chenye safu 8 zinazometameta rangi za upinde wa mvua hakichomi kama konyeza. Mnyororo wa vipipa vinavyojikaza na kulegea ni salpi, ambao kiukoo wako karibu zaidi na sisi wenye uti wa mgongo kuliko na konyeza. Ukiona nyuzi ndefu zinazoburura nyuma ya mwili, kaa mbali.

Piga picha ya mwili mzima kutoka juu, ya ubavuni, na ya kichwa kwa karibu. Piga pia alichokalia: wengi wa konokono wasio na gamba hula aina chache tu za sifongo, na chakula hicho ni ushahidi. Weka kidole karibu naye kuonyesha ukubwa, bila kumgusa. Minyoo bapa huchanika kirahisi mno. Andika kina, saa na mahali.

Charles Eliot, kamishna wa Uingereza katika Afrika Mashariki kuanzia 1900 hadi 1904, aliandika kwa kina kuhusu konokono wasio na gamba wa Zanzibar. Mnyama akishahifadhiwa kwenye chupa hupoteza rangi, hivyo wataalamu wa enzi hizo walitegemea sana umbo na viungo. Nidhamu hiyo bado ina faida.

Ukifika nyumbani, linganisha picha zako na mwongozo wa viumbe wa pwani uliohaririwa na Matthew Richmond, kisha zipandishe kwenye tovuti ya iNaturalist ili wajuzi wazipitie. Kama una hakika na jenasi tu, andika, kwa mfano, Chromodoris na uishie hapo; jina la spishi lisubiri picha bora.