Kuipunguzia Injini Mzigo Asubuhi ya Baridi

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanaujua mlio wa injini ya dizeli inayosukuma maji ya shule, na katika miezi ya Juni na Julai wanaujua ukimya wake pia. Hapa kwetu Njombe asubuhi nyingine huwa na sakitu juu ya majani. Fundi hubonyeza swichi, stata hunguruma kidogo, kisha hunyamaza, na wanafunzi hushika ndoo kwenda mtoni badala ya kwenda darasani. Nataka kueleza sababu yake, na jinsi klachi ya sumakuumeme inavyoweza kusaidia.

Oili ikipoa huwa nzito, hata injini huzunguka kwa shida. Wakati huo huo betri nayo imedhoofika, maana kwenye nyuzi 0 za Selsiasi betri ya risasi hutoa karibu theluthi mbili tu ya nguvu zake. Tena dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Pistoni ikienda polepole, joto hilo hupotelea katika kuta baridi za silinda. Kwa hiyo chochote kinachopunguza mwendo wa stata ni adui.

Sasa, je, stata huzungusha injini peke yake? Hata kidogo! Pampu yetu ni ya pistoni, nayo imeunganishwa na injini kwa mkanda. Tangi liko mlimani, mita 40 juu ya pampu. Kila mita 10 za maji huleta kanieneo ya karibu kilopaskali 100, basi kilopaskali 400 zinaingoja pistoni ya pampu tangu mzunguko wa kwanza.

Wenye mashine za kusaga unga wamelijua jambo hili zamani. Wengi huuondoa mkanda kwanza, au huusogeza kwenye puli tupu, injini ikichanganya ndipo huurudisha. Klachi ya sumakuumeme hufanya kazi hiyo hiyo kwa swichi.

Oersted alionyesha mwaka 1820 kwamba umeme huizungusha sindano ya dira, na mwaka 1825 Sturgeon wa Uingereza akaonyesha sumakuumeme yake. Katika klachi, puli huzunguka bure juu ya beringi. Nyuma yake kuna koili isiyozunguka, na mbele yake sahani ya chuma iliyofungwa kwenye shafti ya pampu. Pengo kati ya sahani na puli ni kama nusu milimita. Umeme ukipita, sahani huvutwa, hugandamana na puli, na pampu huzunguka. Umeme ukikatwa, springi huirudisha. Ndicho kifaa kilichomo katika kompresa za viyoyozi vya magari.

Koili ya volti 12 yenye ukinzani wa omu 3.6 huchukua ampea 3.3, yaani wati 40. Stata huchukua mamia ya ampea. Zaidi ya hayo, wakati wa kuwasha koili haichukui kitu, maana imezimwa.

Lakini tusidhani kila mzigo ni sawa. Mzigo wa feni hukua kwa mraba wa mwendo. Injini ya mizunguko 1500 kwa dakika ikizungushwa na stata kwa 150, feni inadai sehemu moja tu ya mia. Klachi ya feni basi huisaidia injini kupata joto upesi baada ya kuwaka, si kuwaka kwenyewe. Pampu ya pistoni ndiyo inayodai haki yake tangu mwanzo.

Hesabu nyingine ni ya nguvu ya kushika. Pampu ya kilowati 3 yenye puli ya mizunguko 750 kwa dakika huhitaji nyutoni-mita 38. Klachi isiyozidi hapo itateleza na kuungua. Wala haitalainisha oili au kufufua betri iliyokufa.

Fundi angoje injini itulie kabla ya kuiwasha klachi, na kila muhula apime lile pengo, kwa kuwa nyuso zikilika pengo hupanuka, na mvuto wa sumaku hupungua upesi sana.